Ukianguka kwenye lile gemu la Wakorea, sauti inayokupa pole ni ya mume wangu

Habari zenu wakuu, wake kwa waume.

Mimi ni msomaji tu humu, miaka mingi sasa. Naingia, nasoma, natoka. Leo naandika kwa mara ya kwanza, na nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Pale nisipojua nitasema sijui. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia mpangilio ukienda upande.

Kilichonifanya niandike ni uzi wa wiki iliyopita, ule wa kampuni ya Kikorea ya magemu ya simu. Mmeisifu sana jinsi ilivyopanda. Halafu mmoja akaandika kwamba wenzetu wakifika Ulaya wanafungua kampuni, sisi tunaishia kuuza kava za simu sokoni. Watu wakacheka sana. Likes zikajaa.

Mume wangu aliuza kava za simu sokoni. Walthamstow, London. Na kampuni hiyo mnayoisifu ilipita kwenye meza yake kabla haijafika popote.

Jina la kampuni sitalitaja. Waliokuwa na simu za vitufe miaka ile watalijua gemu lenyewe nikilieleza.

Nirudi nyuma kidogo.

Sisi ni watu wa Tanga. Tuliingia London mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mume wangu Mbaruku. Kwangu mimi alikuwa Baba Salma tangu Salma hajajua kutambaa. Kaka yake, shemeji Rajabu, alitutangulia, alikuwa Barking akifanya kazi ya ulinzi wa maduka. Sisi tulipata chumba na sebule Walthamstow, karibu na soko lile refu la barabarani. Mimi nikafanya usafi wa maofisi. Yeye alijaribu mengi, mwisho akapata meza sokoni.

Meza ya simu. Kava, chaja, betri, kufungua simu iliyofungwa mtandao, kubadilisha kioo. Chini ya meza alikuwa na boksi kubwa la simu za zamani. Watu wakinunua mpya walimwachia za zamani kwa hela ya chai. Nilimwambia mara nyingi ayatupe hayo matakataka. Alinijibu kwamba simu haifi, inangoja fundi tu.

Sasa kuna jambo lazima niliseme hapa, ndipo mtaelewa yanayofuata. Wenye ndugu nje watanielewa haraka.

Kilichotusumbua London kuliko baridi ni neno pole.

Kwetu mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, hata kama humjui. Kiingereza hakina neno hilo. Wana sorry tu, na sorry ni ya mwenye kosa. Mimi kazini nilimwambia sorry supervisor wangu alipojigonga kidole mlangoni. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akaniuliza sasa mbona unaomba msamaha. Mazungumzo yakawa marefu kuliko maumivu ya kidole.

Baba Salma yeye hakuhangaika na sorry. Aliwapa pole kwa Kiswahili, wote. Bibi wa Kizungu akidondosha viazi, pole. Dereva akiandikiwa faini, pole sana. Muuza matunda wa meza ya jirani, mzee mmoja mwenye sauti kama kipaza sauti, ambaye kutwa alipiga kelele za pauni kwa bakuli, akadhani ndilo jina lake. Akawa anamwita Poley. Mpaka leo sijui kama aliwahi kujua jina lake halisi.

Haya. Siku moja akaja mezani kijana wa Kikorea, mwembamba, koti kubwa kuliko yeye. Akanunua simu ya zamani. Kesho yake akairudisha, akaomba kuibadilisha na nyingine. Siku iliyofuata tena. Baba Salma akaniambia, huyu ama ni mwizi ama ni jasusi, ila kama ni jasusi basi Korea wana shida ya bajeti.

Mwisho akamuuliza. Kijana akatoa simu mfukoni akamwonyesha.

Ilikuwa gemu. Mtu mdogo kabisa kwenye skrini, amebeba kitu cha miti mgongoni kama kiti kilichopinduliwa, ndani yake kuni. Anapanda mlima. Kila hatua unaongeza kuni, ukizidisha anayumba, akiyumba sana anaanguka. Ni hilo tu. Kijana alisema babu yake alikuwa akibeba kuni hivyo kwao mlimani.

Jina lake Han. Sisi watu wa Tanga hatuna jina linaloishia hivyo, akawa Hani.

Hani na wenzake wawili walikuwa wamepanga chumba juu ya kinyozi, mtaa wa pili. Mashine za kompyuta, maboksi ya tambi, magodoro yameegemezwa ukutani. Shida yao haikuwa gemu, gemu walikuwa nalo. Shida ilikuwa simu. Vijana wa sasa hamtaamini, lakini zama zile kila simu ilikuwa na skrini yake na vitufe vyake. Gemu likienda vizuri kwenye simu hii, kwenye ile yule mtu anatembea miguu ikiwa nje ya skrini. Kwenye nyingine akiruka harudi. Kwenye nyingine mtu akikupigia, simu inaganda mpaka utoe betri. Na makampuni ya mitandao hayakupokea gemu lisilofanya kazi kwenye simu wanazoshika wateja wao.

Simu mpya unaweza kuzinunua dukani ukiwa na hela. Za zamani dukani hazipo. Zilikuwa chini ya meza ya mume wangu.

Wakakubaliana. Boksi likapanda ngazi mpaka juu kwa kinyozi. Baba Salma akawa akifunga meza jioni anapita kule kabla ya kurudi nyumbani. Simu zilizokufa alizifufua, na kila moja alilicheza gemu mpaka likosee. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta, sitaki mseme nimemkuza. Hakujua kuandika hata mstari mmoja wa yale maandishi yao. Alikuwa na subira, na vidole vyake vilizijua simu. Walimlipa. Baadaye wakampa na kadi yenye jina lake, imeandikwa Tester, akaibandika kwenye friji.

Hani alimwita hyong, ndiyo kaka mkubwa kwa lugha yao. Mimi akaniita Salma omma. Nilipouliza maana yake nikaambiwa ni Mama Salma.  London nzima iliniita kwa jina la kwenye kitambulisho, daktari, mwenye nyumba, bosi, hata watoto. Aliyekuja kuniita kwa heshima ya kwetu ni Mkorea.

Sasa neno.

Baba Salma alikuwa mezani na Hani, mchana, soko limejaa. Yule mtu mdogo akayumba na kuni zake akaanguka. Chini yake pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba umeshindwa. Baba Salma, bila kufikiri, akaiambia simu, "Pole, mzee."

Hani akauliza umesema nini. Akaelezwa.

Hani akamwambia kwao kuna neno sugo. Mtu akimaliza kazi unamwambia hivyo. Wao watatu waliambiana kila jioni. Akajaribu kulitafsiri kwa Kiingereza akashindwa, akasema maana yake ni kama umeteseka, asante. Alikuwa amelitafuta neno la Kiingereza la kumwambia yule mbeba kuni akianguka, kwa sababu hakupenda kumwambia mtu aliyebeba mzigo kwamba ameshindwa. Hakulipata.

Mume wangu akamwambia, "Hilo lenu ni pole na kazi. Chukua, halilipiwi."

Wakairekodi sauti yake pale pale mezani, kwa simu. Nafasi ndani ya gemu ilikuwa ndogo mno, likatosha neno moja tu. Pole. Nyuma yake, ukisikiliza kwa makini, kuna kipande cha sauti ya yule muuza matunda akimalizia neno bakuli. Na chini ya skrini wakaandika herufi nne, POLE.

Gemu likaanza kuuzwa kwenye vituo vidogo vidogo, unatuma ujumbe, linashuka kwenye simu. Likapendwa. Kilichochekesha ni kwamba Wakorea walidhani lile neno ni Kiingereza, na Waingereza wakadhani ni Kikorea. Salma wetu, aliyekuwa ameanza shule, alilisoma kwa Kiingereza, nguzo. Akamuuliza baba yake kwa nini mtu akianguka anaambiwa nguzo. Baba yake akamwambia lisome kama unavyoongea nyumbani. Akajibu, "But I don't read at home, Baba." Alicheka huyo mtu mpaka akakaa chini.

Na alikuwepo mteja mmoja wa Kipolandi, Marek, fundi wa kupiga plasta, suruali nyeupe ya vumbi. Huyu alikuja mezani akiwa amekasirika. Akauliza kwa nini gemu linaandika shamba kila akianguka. Kumbe kwa Kipolandi herufi zile zile ni shamba, na wanalitamka kama sisi hasa. Tangu siku hiyo Marek akipita anapiga kelele kwa Kipolandi, yaani shamba, "Pole!" Baba Salma anamjibu, "Pole!" Na wote wawili wamesema neno moja.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo tulipokuwa na furaha.

Baba Salma alifariki asubuhi moja ya baridi akifunga turubai la meza. Moyo. Muuza matunda ndiye aliyemshika. Nilipofika alikuwa ameshapelekwa hospitali, na nilipofika hospitali alikuwa ameshakwenda.

Sitaeleza zaidi ya hapo.

Tulimzika London. Nikaingia eda katika chumba kile kile. Watu wakaja, wa Tanga, Wazanzibari, Wakenya, akina mama wa Kikongo niliofanya nao usafi wakaja na vyungu vya maharage. Hani akaja na wenzake, suti nyeusi, wakainama mpaka sakafuni. Shemeji Rajabu, ambaye machozi yalikuwa hayajamkauka, akasema, "Hani kaja kuhani." Ndiyo mara ya kwanza watu kucheka katika msiba ule. Hani akaelezwa kwamba jina lake kwetu ni kumpa mtu mkono wa msiba. Akasema basi alipewa jina mapema.

Lakini wanaume walipokaa peke yao nilisikia mengine. Nilikuwa chumbani, ukuta wa London ni karatasi. Mmoja akasema maskini Mbaruku, kaja Ulaya miaka yote hii, kaacha boksi la simu mbovu. Hakuna aliyembishia. Hata kaka yake hakumbishia. Mnaona kwa nini ule uzi wenu wa wiki iliyopita ulinichoma? Niliwahi kuusikia kabla hamjauandika.

Ikafika siku nikataka kuisikia sauti yake. Line yake ilikuwa imeshakatwa, na ule ujumbe wake wa kukaribisha wapigaji ulikufa na line. Harusi yetu haikuwa na video, tulifunga ndoa kwa mjomba, sebuleni. Nikatafuta kila mahali. Salma ndiye aliyeleta simu yake ndogo, akamwangusha mbeba kuni makusudi.

"Pole."

Ndiyo iliyobaki duniani. Neno moja, na kelele za soko nyuma yake.

Wiki chache baadaye Hani akaomba kuja kuzungumza. Kwa kuwa nilikuwa katika eda, shemeji Rajabu alitoka Barking akaja kukaa naye. Mimi nikabaki chumbani, mlango umeegeshwa, nikisikia kila kitu.

Hani alieleza taratibu. Kampuni moja kubwa ya mtandao wa simu ilikuwa tayari kulichukua gemu lao, liwekwe mbele ya wateja wake wote. Hilo ndilo walilolingoja tangu waje. Wasipolipata, hela ya chumba imekwisha, watafunga na kurudi kwao, na mwenzake mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Sharti lilikuwa moja. Neno litoke, maandishi na sauti. Wapolandi walikuwa wameingia kwa wingi miaka ile, na kwa Kiingereza herufi zile ni Mpolandi. Mtu anashindwa halafu anaitwa Mpolandi. Waliogopa magazeti. Walitaka badala yake paandikwe Try again.

Akasema hawezi kugusa kitu cha hyong bila kuuliza nyumba yake. Ndiyo maana amekuja.

Shemeji akamjibu hata kabla hajamaliza. Akasema toeni tu. Marehemu aachwe apumzike, sauti ya mtu aliyekufa haichezewi na watoto kwenye basi. Na kwa kweli shemeji hakusema hivyo kwa ubaya. Yeye ndiye aliyemwosha mdogo wake. Kuisikia sauti ile kulikuwa kunamkata.

Nami najua desturi. Mwanamke wa eda, mgeni mwanaume sebuleni, msemaji ni shemeji. Maisha yangu yote sikuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Haitoki," nikasema.



"Shemeji," Rajabu akasema, "haya ni mambo ya biashara."

"Haitoki. Mwambie."

"Nimwambieje?"

"Mwambie mume wangu hakuwa anacheza. Alimpa pole mtu aliyeanguka na mzigo wake. Kama hilo ni kosa hapa London, wafunge, na mimi nitafunga nao."

 Shemeji angeweza kumtafsiria anavyotaka, Hani asingejua. Hakufanya hivyo. Alimwambia neno kwa neno, hata lile la wafunge. Hilo mpaka kesho nampa heshima yake.

Hani akasimama. Niliona kivuli chake kwenye upenyo wa mlango, akainama kuuelekea mlango wenyewe. "Okay, Salma omma," akasema, akaondoka.

Nisiwafiche, wakuu. Sikuwa na mpango wowote kichwani. Sikuwa na ujanja. Nilikuwa nimemwambia kijana mwenye wenzake wa kuwalisha kwamba afunge, kwa ajili ya neno moja. Nilimfikiria yule mtoto mchanga. Nikajiuliza kama nina haki. Na kila nilipojiuliza jibu lilikuwa lile lile, haitoki.

Siku mbili hazijapita akaja Marek. Hakuwa na habari ya msiba, alikuwa kwao. Alikuta meza haipo, muuza matunda akamwelekeza. Akaja na keki na mshumaa, hajui auweke wapi ule mshumaa, shemeji akampokea.  Shemeji, kwa kukosa mazungumzo, akamweleza habari ya neno.

Nikamsikia Marek anauliza, "Who is angry? The Poles?"

Shemeji akasema ndiyo.

"Which Poles?"

   Wale wa kampuni ya mtandao walikuwa wamewaogopa Wapolandi bila kumuuliza Mpolandi hata mmoja.

Nikampigia Hani simu mwenyewe. Kiingereza changu cha usafi, lakini kilitosha. Nikamwambia nenda na Marek kwa wale wa mtandao.

Yaliyotokea huko nilihadithiwa na wote wawili, na wote wawili hawakubaliani, kwa hiyo nitasema yale wanayokubaliana. Marek alikwenda na buti za kazi kwenye zulia la ofisi. Wakampa simu acheze. Akaanguka. Sauti ikasema pole. Wakamuuliza kama ameudhika. Akasema kilichomuudhi ni mlima wa nne, hakuna binadamu anayeupita. Wakamuuliza amesikia neno gani. Akasema shamba. Wakamuuliza Mwingereza mmoja wao naye amesikia nini. Akasema hajui, labda Kikorea. Wakairudia mara nyingi. Hakuna aliyesikia Mpolandi. Mpolandi alikuwa kwenye zile herufi tu, tena kwa msomaji wa Kiingereza.

Wakasema herufi lazima zitoke, kwa sababu hawawezi kumfuata kila msomaji kumweleza. Sauti ikitaka ikae.

 Hani alirudi Walthamstow kwanza, akakaa pale pale sebuleni na shemeji, akauliza kuelekea mlangoni kama maandishi yanaweza kutoka.

"Maandishi yaende," nikasema. "Mume wangu hakuandika. Alisema."

Safari hii shemeji alitafsiri bila kuulizwa.

Basi, huo ndio uzi wenyewe. Mengine mnayajua kuliko mimi, maana mliyaandika wiki iliyopita. Gemu likaingia kwenye mtandao ule mkubwa, likafuata mtandao wa pili, likavuka nchi. Wale watatu wa juu ya kinyozi wakapata ghorofa nzima mjini, wakaajiri watu, wakafungua ofisi kubwa kwao. Simu za kugusa kioo zilipoingia, makampuni mengi madogo ya magemu yalikufa. Wao walianza upya tangu chini. Wakachora mlima upya, kuni mpya, muziki mpya.

Hani alinipigia kutoka kwao. Akasema kila kitu kimebadilishwa isipokuwa sauti ya hyong. Fundi wao wa sauti alitaka kuisafisha, aondoe zile kelele za nyuma. Hani akaniuliza. Nikamwambia aache, huyo ni muuza matunda, naye alikuwa jirani yetu.

Sitawadanganya kwamba neno la mume wangu ndilo lililoipandisha kampuni. Waliipandisha wenyewe, walifanya kazi mpaka wanalala na viatu. Simu za boksi zilisaidia, hilo Hani mwenyewe hulisema. Neno halikumtajirisha mtu. Wala mimi sidai kitu, msije mkanishauri wanasheria humu.

Ninachosema ni kwamba mlipowacheka watu wa kuuza kava, mlimcheka mtu ambaye wengi wenu mmeshawahi kuisikia sauti yake, mkiwa mmeanguka, na aliwapa pole.

Niongeze moja la mwisho.

Miaka kadhaa baadaye tulikuwa kwa shemeji Barking, Sikukuu ya Idi. Nyumba imejaa, watoto wanajibu Kiingereza, sufuria hazitoshi. Nikatoka jikoni kumtafuta aje kubeba sinia. Nikamkuta kwenye korido, amekaa juu ya viatu vya wageni, miwani puani, simu mkononi.

Anacheza. Na alicheza vibaya mno. Anapakia kuni zote mara moja, mtu anaanguka hatua ya kwanza.

"Pole," ikasema simu.

Akapakia tena zote.

"Pole."

Akajua nipo. Hakugeuka. "Gemu lenyewe gumu, shemeji," akasema.

"Gumu," nikasema.

Akamwangusha mara nyingine. Sauti ikampa pole, bakuli likasikika nyuma kwa mbali, naye akaitikia kwa sauti ndogo kama anavyoitikia mtu wa Tanga, "Nimeshapoa, Mbaruku."

Sinia nilibeba mwenyewe.

Nilichojifunza si kikubwa. Watu watakuambia cha marehemu wako hakina thamani, kiondoe, kinaleta shida. Wengine watakuambia kwa upole kabisa, tena ni ndugu. Ukijua unachokishika ni nini, sema hakitoki. Huhitaji kuwa umesoma. Huhitaji hata kutoka nje ya mlango.

Mwenye la kusema aseme, hata wa kunipinga, nitasoma zote. Yule ndugu wa kava za simu naye asijifiche, simdai kitu, namkaribisha.

Ila kama lile gemu lipo kwenye simu yako, mpya au ile ya vitufe iliyo kwenye droo, lifungue leo. Mwangushe yule mbeba kuni. Mume wangu atakupa pole. Usiizime haraka. Mwitikie.

Mimi kila siku namwitikia, ila sijamwambia nimeshapoa, kwa sababu sijapoa, na uongo sikuwahi kumwambia akiwa hai. Namwambia tu asante, Baba Salma. Nimekusikia.